Kuoshwa Akili, au Kutiwa Kasumba? Uhakiki wa Kitabu cha Daktari Lifton

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia ikinenwa ya kuwa fulani "ameoshwa akili". Hunenwa juu ya mtu aliyeuza shamba lake, akawaacha wazee wake, akamfuata mhubiri asiyemjua hata kwao ni wapi. Neno hili si la kwetu. Asili yake ni Uchina, nalo liliingia katika Kiingereza mwaka 1950 kwa kalamu ya mwandishi wa magazeti wa Kimarekani, Edward Hunter, kisha likaenea duniani kote. Sisi tunalo neno letu, nalo ni kutiwa kasumba. Kasumba, kama wajuavyo wazee wa pwani, ni namna ya afyuni.

Maneno haya mawili hayasemi jambo moja. Kitu kioshwacho huoshwa na mwingine, kama sufuria, nacho hakina la kusema. Bali atiwaye kasumba hupewa kidogo leo, kidogo kesho, naye huona raha; siku nyingine huja mwenyewe kuiomba, na mwisho hawezi kulala pasipo hiyo. Katika kuoshwa kuna mtu mmoja tu atendaye. Katika kasumba wako wawili, na tena iko haja fulani iliyokuwamo ndani ya mtu kabla ya muuzaji kufika mlangoni. Kwa mizani hii ya maneno mawili twataka kukipima kitabu kimoja ambacho wanenao habari za makundi ya dini yaangamizayo hukitegemea kuliko vyote.

Kitabu chenyewe kilipigwa chapa mwaka 1961, jina lake Thought Reform and the Psychology of Totalism, maana yake kwa ufupi ni kutengenezwa upya kwa mawazo ya mtu. Mwandishi wake, Robert Jay Lifton, alikuwa daktari wa maradhi ya akili wa Marekani. Katika mwaka 1954 na 1955 alikaa Hong Kong, akawahoji watu waliotoka Uchina baada ya kupitishwa katika mafunzo ya nguvu ya serikali mpya ya Kikomunisti: Wachina 15 wenye elimu, na wageni 25 kutoka nchi za magharibi, ambao baadhi yao walikuwa wamisionari na mapadri. Basi msomaji asifikiri ya kuwa ni kitabu juu ya wahubiri wa uongo. Ni kitabu juu ya gereza na darasa la serikali. Jambo hili twaomba likumbukwe, maana tutalirudia.

Sifa yake ya kwanza ni subira. Daktari huyu hakuja na jibu mfukoni. Aliketi na mtu mmoja muda mrefu, mara kwa mara, akamwuliza habari za baba yake na mama yake, za utoto wake, za imani yake, ndipo akafika kwenye kifungo. Kwa hiyo twaona waziwazi jinsi kazi ile ilivyotendwa. Mfungwa aliwekwa chumba kimoja na wenziwe waliokwisha kuungama, nao wakamzomea na kumhoji usiku na mchana; akanyimwa usingizi, akatiwa pingu; akaandika ungamo lake, likakataliwa, akaandika tena. Kisha, alipokuwa karibu na kuvunjika, huja wema. Mlinzi yule yule aliyemfokea humpa nafasi ya kulala na neno la upole. Nasi twadhani hapa ndipo penye elimu kubwa kuliko katika habari zote za pingu. Mtu aliyepigwa humchukia ampigaye. Bali mtu aliyepigwa kisha akahurumiwa na mkono ule ule hujiona ana deni.

Tena Lifton ni mkweli juu ya mwisho wa habari. Baada ya wageni hao kufunguliwa, wachache tu ndio walioendelea kushika yale waliyofundishwa. Wengi walirudi katika mawazo yao ya kwanza, ingawa walirudi na majeraha: mashaka, na aibu ya yale waliyoyasema juu ya rafiki zao. Mwoshaji mwenye nguvu zote, aliyeogopwa sana na magazeti ya miaka ile, hakuonekana katika kitabu hiki. Ajabu ni kwamba wengi wakitajao kitabu hiki hutaja mwoshaji huyo huyo.

Sababu yake ni kwamba husoma sura moja tu, sura ya 22, ambamo mwandishi ameweka alama nane za mahali palipofungwa akili. Hatutazitaja zote. Nyingine zaelekeana mno hata mtu aweza kuziunganisha mbili kuwa moja bila hasara. Lakini ile inayohusu lugha twaiona kuwa ni bora, na kama Lifton asingaliandika kitu kingine, ingalimtosha. Asema ya kuwa kundi la namna hii hujitungia maneno yake, mafupi, yaliyojaa hukumu ndani yake, hata mtu akitaka kufikiri hujikuta amekwisha kuamua kabla ya kuanza. Neno huziba njia.

Tumepima jambo hili kwa mambo yaliyotukia. Huko Guyana, katika Amerika ya Kusini, Jim Jones na wafuasi wake wa Peoples Temple walikuwa na mazoezi ya kufa pamoja, nayo yaliitwa "Usiku Mweupe". Kujiua kuliitwa tendo la mapinduzi. Na mhubiri mwenyewe aliitwa "Baba", hata na watu waliomzidi umri. Mtu anayekataa kujiua hukataa kujiua tu. Lakini akisha kufundishwa ya kuwa jambo lile ni mapinduzi, basi akikataa ni msaliti. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, nchi ya Kenya, ambao jina lake dunia nzima ililisikia mwaka 2023, vijiji vya wafuasi vilipewa majina ya Biblia, kama Bethlehemu na Yudea. Ni nani atakayetoroka Bethlehemu? Kutoka katika kichaka chenye miiba na njaa ni akili. Kutoka katika mji mtakatifu ni uasi.

Na huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, jambo hili lilifika mbali kuliko alivyowaza Lifton. Wafuasi wa kundi lililojiita la Kurudisha Amri Kumi za Mungu hawakupewa maneno mapya, waliondolewa maneno. Waliongea kwa ishara za mikono, kwa kuogopa kwamba ulimi ungevunja amri ile ikatazayo kumshuhudia jirani uongo. Twawaomba wasomaji walifikiri sana jambo hili. Shaka huanza kwa kunong'ona. Mke humnong'oneza mumewe usiku, "Wewe waonaje?" Lakini ishara ya mkono hainong'onezeki; yataka mwanga, na penye mwanga kila mtu huona. Kiongozi aliyewanyamazisha watu wake hahitaji wapelelezi wengi. Wale walikuwa wamekwisha kuambiwa ya kuwa dunia itakwisha pamoja na mwaka 1999, haikwisha, na tarehe 17 Machi, 2000, kanisa lao likateketea pamoja na watu mamia waliokuwamo, na baadaye maiti mamia nyingine zikafukuliwa katika mashimo penye nyumba za kundi hilo.

Sasa tuje kwenye makosa ya kitabu, au tuseme mipaka yake.

Kwanza, mlango. Wafungwa wa Lifton walikuwa na mlango uliofungwa kwa ufunguo. Mtu aliyekwenda Kanungu, au aliyepanda basi kwenda Shakahola, alikwenda kwa miguu yake na nauli yake. Kwa hiyo mafundisho ya gerezani hayatoshi kueleza habari ya mtu aliyejipeleka mwenyewe. Mwingereza mmoja, mwalimu wa elimu ya jamii huko London, jina lake Eileen Barker, aliliona pengo hili akalifanyia kazi. Kitabu chake cha mwaka 1984 chahusu kanisa lililoanzishwa na Sun Myung Moon wa Korea, ambalo wakati ule lilisemwa mno kuwa laosha vijana akili. Barker aliwahesabu watu zaidi ya 1,000 waliohudhuria mafunzo ya kanisa hilo karibu na London mwaka 1979. Tisa katika kila kumi hawakujiunga. Na katika waliojiunga, wengi walitoka wenyewe katika muda wa miaka miwili hivi. Kama ni kuosha, basi mwoshaji huyo ni dhaifu. Twapenda mwandishi ahesabuye. Kitabu cha Lifton kina roho za watu lakini hakina hesabu. Cha Barker kina hesabu, na mara nyingine msomaji hutamani kilio kimoja.

Hata hivyo hesabu ya Barker isitulaze usingizi. Kundi alilolichunguza halikuwa msituni. Mtu alipochoka aliweza kupanda gari la moshi akaenda kwao. Huko Jonestown, watu karibu 1,000 walikuwa wamezungukwa na msitu, hati zao za kusafiria zimechukuliwa, barua zao zasomwa, na sauti ya Jones yatoka katika vipaza sauti mchana na usiku. Tazama basi njia ilivyo: mwanzo wake ni kama London, mwisho wake ni kama gereza la Uchina. Mtu huingia kwa mlango ulio wazi, nao hufungwa nyuma yake pole pole, upana wa kidole kila mwezi. Chovya chovya yamaliza buyu la asali. Lifton aliona mwisho, Barker aliona mwanzo. Aliyeandika vizuri juu ya katikati hatujamsoma bado.

Pili, Lifton hatuelezi vya kutosha kundi linampa mtu nini. Hili ndilo neno letu la kasumba lilijualo na neno la kuosha halilijui. Peoples Temple haikuanza kwa sumu. Ilianza Indianapolis katika miaka ya 1950, wakati makanisa mengi ya Marekani yaliwatenga weusi na weupe, nayo ikawaketisha pamoja. Ililisha wenye njaa, ikafungua nyumba za kutunza wazee. Bibi mzee wa Kiafrika-Marekani, aliyefua nguo za watu maisha yake yote bila kuitwa kwa jina lake la heshima, aliingia mle akaitwa dada, akaketi mbele, akapata chakula na mtu wa kumwangalia. Je, alioshwa akili? Alipewa haki yake. Akawapa posho yake ya uzeeni kwa moyo mweupe. Ubaya wa Jones ulikuwa ni kuifanya haki hiyo kuwa ndoana. Wenye kumcheka bibi huyo waulize kwanza, kanisa lake la zamani lilikuwa wapi? Na sisi tujiulize vivyo hivyo kila tusikiapo ya kuwa mjane fulani wa mtaa wetu amehama.

Tatu, ile orodha ya alama nane yaweza kuwa rungu mikononi mwa mtu yeyote. Alama mojawapo ni ungamo la hadharani. Basi, kwa kipimo hicho, uamsho ulioanzia Gahini katika Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na Kenya na Tanganyika, ungalihukumiwa mara moja, kwa sababu ndugu walisimama wakaungama dhambi zao mbele ya wote. Wako waliosema hivyo hata zamani zile. Nasi twajibu: tazameni ni nani anayeungama, na ungamo lake huenda wapi. Katika uamsho ule waliotangulia waliungama pia, mzungu na mwafrika, mbele ya watoto wao katika imani. Kisha kila mmoja akarudi nyumbani kwake kulima. Katika Peoples Temple watu walitia sahihi karatasi za kukiri makosa wasiyoyatenda, nyingine zikiwa hazijaandikwa kitu, nazo zikawekwa akiba ili siku mtu atakapotaka kutoka zimkabili. Ungamo la kwanza lilimwondolea mtu mzigo. La pili lilimfunga kamba. Kwa macho ni kitu kimoja. Orodha haiwezi kuvitenga, yataka mtu wa kutazama.

Kwa haki, lawama hii twaipeleka kwa wasomaji wa Lifton zaidi kuliko kwake. Yeye mwenyewe, baada ya sura ya 22, ameandika sura nyingine juu ya njia za wazi za kumbadili mtu. Lakini nani hufika huko? Katika Marekani ya miaka ya 1970 na 1980 walitokea watu waliokodiwa na wazazi ili wawateke watoto wao, nao watoto hao walikuwa watu wazima, wakawafungia vyumbani siku kadhaa wakiwahoji mpaka waikane imani yao. Yaani walitibu gereza kwa gereza. Na mwaka 1987, Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kilipoletewa taarifa ya wataalamu juu ya ulaghai wa makundi hayo, kilikataa kuikubali, kwa kuwa uthibitisho wake haukutosha kwa kipimo cha elimu. Tangu siku hizo wataalamu wamegawanyika, wengine hawataki hata kulisikia neno lenyewe, wengine hawana neno jingine.

Sisi hatuoni haja ya kuchagua upande. Lakini twaona jambo moja ambalo pande zote mbili zimelipita haraka, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Ni watoto.

Wabishi hawa hushindana juu ya hiari: je, mtu alichagua, au alilazimishwa? Mtoto hakuchagua wala hakushawishika. Alibebwa. Tarehe 18 Novemba, 1978, baada ya mbunge wa Marekani Leo Ryan na wengine wanne kupigwa risasi na kufa katika uwanja wa ndege wa Port Kaituma, watu 909 walikufa Jonestown, na zaidi ya 300 kati yao walikuwa watoto. Watoto ndio walioanza. Wachanga walitiwa sumu kinywani kwa bomba la sindano. Iko kanda ya sauti ya saa ile, nayo husikika humo mwanamke mmoja akisimama na kumbishia Jones kwa heshima na kwa hoja, akiwatetea watoto kwamba wastahili kuishi. Wenziwe wakamnyamazisha. Ukisha kujua ni nani waliotangulia kufa, hutauliza tena kwa nini wazazi hawakukimbia. Walipokwisha kumwona mtoto amekufa kwa mkono wao, wangalikimbilia wapi, na kwa ajili ya nani? Aliyepanga utaratibu ule aliijua mioyo ya wazazi kuliko vitabu vyote viwili.

Shakahola nako maiti zaidi ya 400 zimefukuliwa tangu Aprili 2023, na watoto ni wengi. Madaktari walikuta ya kuwa wengi walikufa kwa njaa, na wengine, watoto wakiwamo, walinyongwa au kupigwa. Mhubiri aliyeshtakiwa, Paul Mackenzie, alikana mashtaka mbele ya mahakama, na hukumu si kazi ya gazeti. Lakini neno "kufunga", ambalo kila Mkristo na kila Mwislamu hulijua kuwa ni tendo la mtu mzima ajinyimaye kwa hiari, haliwezi kunenwa juu ya mtoto wa miaka minne. Yeye hafungi. Ananyimwa chakula. Hapa tena ni ile sura ya Lifton juu ya lugha: alimradi watu waliendelea kusema "mtoto amefunga", mikono yao haikuona ilitendalo.

Wazee wengine wametuuliza, mwenye ndugu aliyekwisha kuingia katika kundi la namna hii afanyeje? Vitabu hivi viwili, ingawa vyabishana, vyajibu mamoja. Wafungwa wa Lifton walipona walipofika mahali penye rafiki na maneno ya zamani. Vijana wa Barker walitoka kwa kuwa palikuwa na mahali pa kwenda. Basi mzazi amlaaniye mtoto wake, akasema asikanyage tena uani pake, amemfanyia kiongozi yule kazi ambayo asingaliiweza peke yake. Barua iandikwe, hata kama haijibiwi. Ifike na habari za kawaida, mbuzi amezaa, bibi anakohoa, mvua imechelewa. Wala isiwe na mabishano ya maandiko, maana katika mabishano hayo yule amekwisha kufundishwa majibu yote, bali juu ya mbuzi hakufundishwa kitu.

Hayo ni kwa mtu mzima. Kwa mtoto hatuwezi kungoja barua. Nasi waalimu tunacho kitabu ambacho Lifton hakuwa nacho wala Barker, nacho ni daftari la mahudhurio. Mwaka 2017, miaka sita kabla ya shimo la kwanza kufukuliwa msituni, mhubiri yule yule alikamatwa Malindi kwa habari ya mafundisho ya kuwazuia watoto wasiende shule. Majina yao yalikuwa yamekwisha kuitwa asubuhi nyingi katika madarasa ya watu kama sisi, na hakuna aliyeitikia.